Gongo la mkole limepasuka juu ya bati

"Shikamoo fundi. Naishi Kigamboni. Wiki mbili zilizopita nilikata mti wa mkole shambani kwa babu, Kisarawe, nataka kuchonga upinde wa kulengea shabaha. Una urefu wa futi 6, unene kama kifundo cha mkono, umenyooka isipokuwa karibu na katikati umepinda kidogo. Niliupandisha juu ya bati ukauke haraka. Jana nimeushusha, nikakuta ncha zote mbili zimepasuka na ufa mmoja unapanda ubavuni. Je, niutupe? Na mti wa upinde unakaushwa miezi mingapi? Nimesoma mahali kwamba ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, halafu nikaona video ya Wahadzabe wanachonga mti mbichi bila kungoja chochote. Nani mkweli? Kuna mwingine niliuacha shambani na maganda yake."

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu. Ila kama baada ya kuutazama umeurudisha juu ya bati, nenda kaushushe kwanza, nitakungoja.

Kuanzia hapa nitauita gongo, maana si mti tena na bado si upinde. Wenzangu wa Dar msicheke, gongo hili halinyweki.

Leo hii chukua msumeno uondoe ncha zilizopasuka. Usikate pale jicho linapoona ufa umeishia, kwa sababu ufa wa mti mbichi hutangulia mbele ya jicho. Kata kipande chembamba kama biskuti, kishike kwa vidole pande mbili, ukipinde. Kikiachana kirahisi kwenye mstari mmoja, ufa bado upo; kata kingine. Ukipata kipande kinachogoma, umefika kwenye mti mzima. Futi 6 ni sentimita 183. Upinde wa mtu mzima unaopinda mwili wote unatosha kuwa na sentimita 165 hivi, kwa hiyo unazo sentimita 18 za kupoteza, tisa kila upande. Zikiisha na ufa bado unaendelea, mchongee mdogo wako upinde mfupi.

Ukishakata usilale bila kuziba ncha. Rangi ya mafuta iliyobaki ulipopaka dirisha inafaa. Gundi nyeupe ya maseremala inafaa. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndiyo nilifundishwa nayo. Paka mara mbili, na ushuke na brashi ubavuni kiasi cha vidole vitatu. Kazi hii ilitakiwa ifanyike palepale shambani, ndani ya saa moja tangu msumeno umalize. Anayekwenda kukata mti wa upinde na panga tu, bila kikopo cha rangi, amekwenda kukata kuni.

Ufa wa ubavuni ni habari nyingine. Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Mgongo hausamehe: uzi mmoja wa mti ukikatwa pale, siku moja utanyanyuka kama kibanzi na upinde utavunjika mkononi mwako. Tumbo ndilo linalochongwa na kutupwa. Kwa hiyo geuza gongo lako mpaka ule ufa uwe tumboni, weka alama ya kalamu ya risasi upande wa pili, na kuanzia leo upande huo ndio mgongo. Kama ufa umenyooka sambamba na nyuzi, wote au karibu wote utaondoka na vipande vya kuchonga. Kama unazunguka kama uzi wa skrubu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, basi mti wenyewe ulikua umejisokota. Huo ungekusumbua hata kama ungeukausha kwa adabu zote.

Sasa nikueleze bati lilikukosea nini, kwa sababu ukilielewa hili hutauliza tena habari ya miezi.

Mti mbichi ni fungu la mirija iliyosimama kutoka mizizini hadi majanini. Ukiukata, umefungua midomo ya mirija yote kwa pamoja, na maji hutoka mdomoni haraka mara 10 hadi 15 kuliko yanavyotoka ubavuni. Maji yenyewe yamo ya namna mbili. Kuna yale yaliyojaa ndani ya mirija, na kuna yale yaliyonywewa na kuta za mirija. Fikiria khanga uliyoifua: ukiikamua, maji yanayochuruzika yanaisha, lakini khanga bado ni mbichi. Mti nao huanza kwa kupoteza maji ya kuchuruzika, na wakati huo hausinyai hata kidogo. Zinapobaki asilimia 28 hadi 30 za maji ukilinganisha na uzito wa mti mkavu, ndipo kuta zinapoanza kutoa maji yao, na hapo ndipo mti unaposinyaa. Hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kutoka ganda kwenda kwenye kiini husinyaa asilimia 3 hadi 5, na kwa kuzunguka mzingo husinyaa karibu mara mbili ya hapo. Gongo la mviringo lenye kiini chake katikati ni kama mkanda unaojikaza kwenye tumbo lisilopungua. Lazima paachie mahali. Bati la saa nane mchana, ambalo huwezi kuliwekea kiganja, linaufanya mkanda ujikaze kwa siku mbili huku ndani bado kunachuruzika.

Dawa yake ina mambo mawili: kupunguza unene kabla ya kukausha, na kuchelewesha ukaukaji wa mwanzo.

Hapo ndipo wale wawili uliowataja wanapokutana, na wote wana ukweli wao. Kanuni ya mwaka kwa inchi ilitokana na mbao nene za nchi za baridi, zinazopangwa nje chini ya paa, na nusu ya mwaka hazikauki kwa sababu hewa yenyewe ni ya baridi na maji. Haikutungwa kwa ajili ya gongo la sentimita tatu lililochongwa pande tatu. Tena muda wa kukauka haupungui sawa na unene, unapungua zaidi: ukipunguza unene kwa nusu, muda unashuka kuelekea robo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanalijua hilo kwa mikono. Si kwamba hawakaushi. Wanachonga kwanza, mti ukiwa mbichi na laini kwa kisu, hadi unakuwa mwembamba. Kisha wanaupitisha kwenye moto, wanaupaka mafuta ya mnyama na kuunyoosha. Kitu chembamba namna ile, katika hewa kavu ya bonde lile, hakihitaji msimu mzima. Halafu pinde zao ni ndefu, nyingi zinakaribia kimo cha mwenyewe au kukipita, na upinde mrefu unapinda kidogo kila mahali, kwa hiyo unavumilia mti ambao haujakauka kikamilifu. Wewe uko Kigamboni, na bahari iko mlangoni. Video uliyoiona haikukuonyesha hewa.

Kwa hiyo usikaushe gongo zima. Wiki hii hii lichonge nusu.

Anza na maganda. Ungelikata wakati wa masika na kulimenya siku ileile, ganda lingevuka kama la muhogo uliochemshwa. Wiki mbili juani limegandamana, na sasa utalikwangua. Tumia mgongo wa kisu au kipande cha kioo, si makali ya panga. Likigoma, funga kitambaa kilichochovywa maji ya moto kwa robo saa, kisha kwangua kwa urefu. Chini ya ganda utaona ngozi laini ya mti. Hiyo ndiyo mgongo wa upinde wako, usiiguse kwa randa wala kwa tupa. Miti yetu mingi haionyeshi vizuri miduara ya miaka kama miti ya nchi za baridi, kwa hiyo wale wanaokwambia ufuate mduara mmoja wanasema kweli kwa miti yao. Kwa mkole mwembamba, mduara wa nje kabisa, aliouumba Mungu, unatosha. Ukimaliza, upake mgongo huo gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji au mafuta ya kondoo, usije ukapata nyufa ndogondogo za juujuu.

Wapo wanaosema uache ganda mpaka mwisho, kwamba linalinda. Kweli linachelewesha ukaukaji. Lakini kati ya ganda na mti ndipo wadudu wanapotaga, na mimi nimepoteza magongo mengi zaidi kwa bungua kuliko kwa nyufa. Namenya.

Kisha upande wa tumbo. Shoka dogo, tezo kama unayo na unaijua, halafu randa. Ondoa nusu ya tumbo pamoja na kiini, mpaka ubaki na kitu cha upana wa sentimita 4 hadi 5, unene wa sentimita 3 katikati na 2.5 kuelekea ncha. Usizidi hapo. Bado unahitaji mti wa akiba, kwa sababu utajipinda kidogo ukikauka na utataka pa kusahihisha. Na tafadhali usiujaribu kwa kuuvuta. Vijana wakifika hatua hii, mkono huwasha. Wanaukanyaga mguu mmoja na kuupinda waone kama unarudi. Mti mbichi ukipindwa haurudi wote, na kile ulichoupinda leo utakuwa nacho hadi mwisho. Samaki mkunje angali mbichi, lakini upinde sio samaki.

Lilaze gongo juu ya ubao mnene ulionyooka, mgongo ukitazama juu, uweke vijiti vya unene wa penseli chini yake kila baada ya shibiri moja ili hewa ipite, kisha ulifunge ubaoni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tyubu ni bora kuliko kamba, kwa sababu gongo likisinyaa kamba inalegea na tyubu inafuata. Liweke ndani ya nyumba mahali penye kivuli na upepo kidogo: korido, stoo yenye dirisha, hata uvunguni mwa kitanda. Lisiegemee ukuta, litapinda kwa uzito wake. Lisiguse sakafu, mchwa hawabishi hodi.

Sasa mizani. Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani wanapokosea, wanahesabu kalenda. Nunua au azima mizani ya jikoni, pima gongo siku ya kwanza, na uandike uzito kwa kalamu ya risasi juu ya tumbo lenyewe pamoja na tarehe. Pima kila baada ya siku tatu au nne. Chukua mfano wa gongo lenye gramu 2,000 siku ya kwanza. Baada ya wiki moja linaweza kuwa 1,720, wiki ya pili 1,580, wiki ya tatu 1,500, wiki ya tano 1,440, wiki ya sita 1,426, wiki ya saba 1,425. Ukiona limeshuka kwa kasi sana siku za mwanzo, lifunike kwa gunia au shuka kuukuu kulipunguzia upepo. Likiota ukungu, funua. Linaposimama, yaani vipimo vitatu mfululizo havina tofauti, mti umepatana na hewa.

Umepatana na hewa, sikusema umekauka. Watu wa pwani tunajikwaa hapo. Mti hauna kikomo chake wenyewe cha ukavu. Unakwenda mpaka pale hewa ilipo na kusimama. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 inausimamisha mti kwenye asilimia 9 hivi za maji. Asilimia 65 inausimamisha karibu na 12. Asilimia 80, ambayo kwa Dar es Salaam ya masika ni jambo la kila siku, inausimamisha karibu na 16. Upinde mzuri unataka 8 hadi 10. Kwa hiyo Dodoma mwezi wa Agosti ukiliacha gongo uvunguni linafika lenyewe. Kigamboni unaweza kuliacha miaka kumi na bado lisifike hata mara moja.

Hili sikulisoma, lilinikuta. Nilijifunza kuchonga kwa mjomba wangu, Kondoa. Yeye hakuwa na hesabu yoyote. Alikuwa na uchaga juu ya mafiga ya mama mkwe wake, na magongo yalikaa pale yakila moshi mpaka yakawa meusi. Aliyashusha kwa sauti: analigonga gongo kwa kisu, likilia kibubu analirudisha, likilia kama kengele analichukua. Nilipohamia Tanga nilibeba upinde wangu bora, ambao nguvu ya kuuvuta ilikuwa paundi 45. Masika ya kwanza yalipokwisha nikaupima, 38. Tena ulikuwa umelala: nikifungua ugwe, yaani kamba ya upinde, mikono ya upinde haikurudi kunyooka, imebaki imeinama kama mzee anayetafuta sindano. Nikadhani nimeuvuta kupita kiasi. Mizani ndiyo iliyonitoa ujinga: ulikuwa umeongezeka gramu 35. Ulikuwa umekunywa Tanga. Nikiuvuta katika hali ile, nyuzi za tumbo zikajikunja na hazikusimama tena.

Hivyo kwa mtu wa pwani kuna hatua ya pili, ambayo mtu wa bara anaweza kuiruka. Tengeneza sanduku. Kabati kuukuu linafaa, au mbao za plaiwudi ulizopiga misumari, urefu wa mita mbili, upana wa kutosha gongo mbili tatu. Toboa matundu chini na matundu juu, hewa iingie na itoke. Chini weka balbu moja au mbili za kizamani za wati 60, zile za waya, si za LED, maana LED inatoa mwanga na wewe unataka joto. Balbu isikaribie mti wala ubao kwa chini ya shibiri moja, na usilale usiku huku inawaka mpaka umeijua tabia yake mchana. Tundika kipimajoto. Unatafuta nyuzi 38 hadi 40, basi. Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ukiipasha mpaka 40 bila kuiongeza maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 43. Umejitengenezea Dodoma ndani ya kabati. Ndicho uchaga wa mafiga ulichokuwa unafanya tangu zamani, pamoja na moshi wa kufukuza wadudu. Kama kwa babu Kisarawe bado wanapikia kuni, huna haja ya sanduku. Mwombe bibi nafasi juu ya jiko, mita moja na nusu kutoka motoni, na umpelekee sukari.

Usiliingize gongo sandukuni kabla uzito haujasimama kivulini. Ukilipasha likiwa bado na maji mengi, ngozi ya nje itakauka na kukaza wakati ndani kuna maji, na litapasuka kwa ndani usikoona. Likiingia kwa wakati wake, wiki moja hadi mbili zinatosha. Lile la mfano wetu litashuka kutoka 1,425 hadi karibu 1,362 na kusimama tena.

Ukitaka uhakika, siyo kukisia, fanya hivi. Kata kipande kidogo kutoka sehemu ya kati ya tumbo, gramu 50 au 60. Kipime kwa mizani midogo ya kupimia viungo. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103, au juu kidogo tu ya 100 kama oveni yako haina adabu, ukitoe na kukipima kila saa mpaka kiache kupungua. Kama kilikuwa gramu 54.5 na kimesimama kwenye 50, maji yalikuwa 4.5, gawanya kwa 50, zidisha kwa 100, una asilimia 9. Unagawanya kwa uzito mkavu, si kwa uzito wa mwanzo. Nimeona hata waliosoma wakikosea hapo. Njia ya kuweka mti shavuni kusikia kama ni wa baridi, au kuugonga kama mjomba, ni nzuri ukishaharibu magongo ishirini.

Na kuna kukausha kupita kiasi. Chini ya asilimia 6 mti unakuwa kama biskuti: una nguvu, unarusha vizuri, halafu siku moja unapasuka bila onyo. Usiongeze joto kwa pupa, na ukitoa gongo sandukuni liache ndani ya nyumba siku moja kabla ya kuanza kulichonga.

Ule upindo wa katikati uliousema, kama hauzidi upana wa vidole viwili, usiupiganie. Pinde nyingi nzuri zina nyonga. Ukitaka kuunyoosha, fanya baada ya uzito kusimama kivulini na kabla ya sanduku. Paka mafuta ya kondoo au nta mahali pale, pitisha juu ya makaa yasiyo na mwali mpaka mkono usivumilie kushika, kisha ulikandamize kwenye uma wa mti au kwenye jiliwa, kile kibano cha seremala, upitilize kidogo upande wa pili na ulishike hivyo hadi lipoe. Ukitumia mvuke wa sufuria badala ya makaa pia linanyooka, ila umelirudishia maji. Lipe wiki nyingine ya mizani.

Upinde ukishakamilika, kuupaka nta au vanishi kunachelewesha tu maji kuingia, hakuyazuii. Ukimaliza kulenga, fungua ugwe. Wakati wa masika utundike juu ya friji, kule nyuma kunakotoka joto, au ndani ya lile kabati siku chache kabla ya kuutumia. Na upime uzito wake mara mojamoja, gramu zitakwambia kabla mkono haujasikia.

Swali hukuniuliza lakini nitalijibu: shamba la babu ni la babu, ila kwenye msitu wa hifadhi huruhusiwi kukata hata fimbo bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na upinde wa shabaha ubaki wa shabaha. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa anayewinda, na kukutwa na upinde ndani ya hifadhi ya taifa bila ruhusa ni kosa hata kama hujapiga njiwa. Halafu mkole una heshima yake kwa Wazaramo katika mambo ya mwali; kama babu alikuuliza mara mbili unautakia nini kabla ya kukuruhusu, usimwone mchoyo.

Sasa lile la shambani lenye maganda. Kabla hujalileta nyumbani, ligonge mara mbili tatu juu ya gazeti jeupe. Kisha lichunguze kando ya vifundo na pale ganda lilipoinuka. Ukiona vitundu kama vya pini na unga mwororo kama wa sembe umemwagika kwenye gazeti, bungua wameshaingia, na wakifika stoo yako watahamia kwenye hili la kwanza, kisha kwenye kitanda. Hilo mwachie bibi apikie. Kama gazeti limebaki safi, limenye hukohuko, ziba ncha, lifunge kwenye gunia na uje nalo kwa kivuko jioni, jua likiwa limepoa.